"TOZO YA AFYA" KWENYE BILI YA CHAKULA: WEWE UNAYEUZA MTANDAONI INAKUHUSU NINI?

Leo naomba tusome risiti. Sio ya Kariakoo, ni ya mgahawa wa San Francisco, jimbo la California, Marekani. Watu wawili wamekula chakula cha dola 80. Chini yake kuna kodi ya mauzo. Halafu kuna mstari mwingine umeandikwa "Healthy SF, asilimia 4", dola 3 na senti 20. Chini kabisa ndo kuna nafasi ya kuandika bakshishi ya mhudumu.

Mgeni akiuona ule mstari kwa mara ya kwanza huwa anauliza: mimi nimekuja kula, matibabu ya mpishi yananihusu nini?

Ni swali zuri. Na linatuhusu sisi tunaouza Instagram na WhatsApp kuliko tunavyodhani, kwa sababu sisi wenyewe ndo mafundi wa kuongeza vimistari. "Tuma na ya kutolea." "Kuna elfu moja ya kufungia." "Usafiri juu yako." Mimi nauza nguo za watoto mtandaoni hapa Dar, shule niliishia kidato cha nne, haya mengine nimejifunza kwa kusoma na kwa kuuza. Hii habari ya San Francisco ni darasa zuri la namna ya kutoza gharama, kwa sababu wenzetu wameshabishana juu yake karibu miaka 20, mpaka mahakamani. Tuipitie taratibu, halafu tuje kwenye biashara zetu.

ILIANZAJE?

Marekani watu wengi hupata bima ya afya kupitia mwajiri. Sasa kazi za migahawa ni zile za watu kuingia na kutoka, saa chache, mshahara mdogo. Wengi walikuwa hawana bima kabisa. Akiugua mpishi, ama anakuja kazini hivyohivyo na homa yake anakukatia saladi, ama anasubiri mpaka hali iwe mbaya ndo akimbilie hospitali ya umma, na gharama inabebwa na jiji.

Mwaka 2006 jiji la San Francisco likapitisha sheria. Aliyeibuni ni diwani Tom Ammiano, na meya aliyeisaini ni Gavin Newsom, huyu ambaye baadaye alikuwa gavana wa California. Utekelezaji ukaanza 2008. Sheria ilisema hivi: mwenye biashara mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima atumie kiasi fulani cha pesa kwa ajili ya matibabu ya wafanyakazi wake, kwa kila saa wanayofanya kazi. Mwaka ule wa kwanza biashara ya watu 20 hadi 99 ilitakiwa kutumia dola 1 na senti 17 kwa saa. Ya watu 100 na kuendelea, dola 1 na senti 76. Kiwango hicho kimekuwa kikipandishwa mwaka hadi mwaka.

Mwajiri alipewa njia za kuchagua. Anaweza kununua bima ya kawaida. Anaweza kulipa kwenye mpango wa jiji unaoitwa Healthy San Francisco. Au anaweza kufungua akaunti ya matibabu: anatenga pesa kwa jina la mfanyakazi, mfanyakazi akienda hospitali analeta risiti, anarudishiwa. Ikumbuke hiyo njia ya tatu, tutairudia, ndo ilileta kasheshe.

Chama cha wenye migahawa, Golden Gate Restaurant Association, kilikwenda mahakamani kuipinga. Kikashinda hatua ya kwanza, kikashindwa kwenye rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Sheria ikabaki.

Sasa sikiliza jambo ambalo wateja wengi hawakulijua: sheria haikusema popote kwamba mteja atozwe. Ilisema mwajiri atumie pesa. Kumwekea mteja mstari kwenye bili ulikuwa uamuzi wa wenye migahawa wenyewe. Wengine waliweka asilimia 3, wengine 4, wengine 5, wengine dola moja kwa kila mteja. Na wengine hawakuweka chochote, walipandisha bei za vyakula wakaendelea na kazi.

TUPIGE HESABU YA MWENYE MGAHAWA

Usimhukumu mtu kabla hujapiga hesabu yake. Chukua mfano, namba za mauzo naziweka mimi ili tuelewane.

Mgahawa una wafanyakazi 25, kila mmoja saa 40 kwa wiki. Hizo ni saa 1,000. Zidisha kwa dola 1.17, unapata dola 1,170 kila wiki. Tuseme mauzo ya wiki ni dola 30,000. Gawanya: ni asilimia 3.9 ya mauzo. Ndo maana asilimia 4 ilionekana namba ya haki. Na ukijua kwamba mgahawa faida yake huwa nyembamba, asilimia 4 ya mauzo inaweza kuwa ndo faida yenyewe yote. Huyu mtu halii bure.

Sasa ana njia tatu. Moja, aimeze mwenyewe, biashara ife taratibu. Mbili, apandishe bei: sahani ya dola 20 iwe dola 20 na senti 80. Tatu, aache sahani ibaki dola 20 kwenye menyu, ile asilimia 4 aiweke chini ya bili.

Kwa mteja njia ya pili na ya tatu ni pesa ileile. Kwa nini basi wengi walichagua ya tatu?

Sababu ya kwanza ni jirani. Mgahawa wa pembeni una wafanyakazi 18, sheria haimgusi. Menyu yake dirishani inasema dola 20. Ya kwako ikisema 20.80, mpita njia anaona wewe ni ghali. Mteja analinganisha bei anayoiona kabla hajaingia. Yale ya kwenye bili anayaona akiwa ameshashiba.

Sababu ya pili ni ujumbe. Wengine walitaka mteja ajue kwamba "hii gharama nimeletewa na jiji, sio mimi". Ule mstari ulikuwa malalamiko yaliyoandikwa kwenye risiti.

Sababu ya tatu ni uwazi, na hii naiheshimu. Kuna wenye migahawa waliosema wazi kwamba tunataka mteja ajue chakula chake kimepikwa na mtu mwenye bima. Tena kuna wateja waliofurahi, wakalipa kwa moyo mweupe.

Wapinzani nao walikuwa na jibu: mbona hakuna mstari wa gesi? Mbona hakuna mstari wa sabuni ya vyombo, wala wa kodi ya pango? Kwa nini gharama zote zimo ndani ya bei ya chakula, ila ya afya ya mfanyakazi peke yake ndo inasimamishwa pembeni kama mkosaji?

Na kuna mtu wa kati ambaye hamsikii sana: mhudumu. Bakshishi na tozo ni vitu viwili. Bakshishi ni mali ya wafanyakazi. Tozo inaingia kwa mwenye mgahawa. Mteja aliyechukia akiona tozo, wapi anapunguza? Anapunguza kwenye bakshishi, kwa sababu ndo sehemu pekee ya bili aliyo na uhuru nayo. Kwa hiyo pesa iliyokusudiwa kumtibu mhudumu inaweza kutoka mfukoni mwa mhudumu huyohuyo. Chukua hilo uliweke akilini.

PALIPOHARIBIKA

Kama ungekuwa ni ubishi wa mstari tu, ningeishia hapa. Kilichofuata ndo kilinifanya niandike.

Rudi kwenye ile njia ya tatu, akaunti ya matibabu. Kwa wakati ule pesa ambayo mfanyakazi hakuitumia ndani ya muda uliowekwa, ilikuwa inarudi kwa mwajiri. Wafanyakazi wengine hawakujua kama akaunti ipo. Wengine waliona masharti ya kudai ni magumu wakaacha.

Jiji lilipokuja kukagua mahesabu ya mwaka 2010, likakuta waajiri waliotumia akaunti hizo walitenga takriban dola milioni 62, na zilizowafikia wafanyakazi zilikuwa kama milioni 12 tu. Zile karibu milioni 50 hazikutumika kwa matibabu. Tuwe wa haki: hao waajiri hawakuwa migahawa peke yake, zilikuwa biashara za kila aina. Ila kwenye migahawa kulikuwa na uchungu wa ziada, maana mteja alikuwa amelipa kwa jina. Mteja ameambiwa "hii ni ya afya ya wafanyakazi", akatoa, halafu pesa ikarudi kuwa faida ya tajiri.

Mwaka 2011 diwani David Campos akapeleka marekebisho makali, meya Ed Lee akayakataa, wakakubaliana toleo laini zaidi. Kuanzia 2012 ikawa kwamba pesa uliyomtoza mteja kwa jina la afya ya wafanyakazi, lazima uitumie kwa afya ya wafanyakazi. Unashangaa kwamba jambo kama hilo lilihitaji kuandikwa, lakini lilihitaji. Baadaye sheria ikabanwa zaidi, mpaka kufikia 2017 ile pesa unayotenga kutimiza sheria ikawa haiwezi kurudi tena kwa mwajiri.

Mwaka 2013 Mwanasheria wa Jiji, Dennis Herrera, akaanza kuwafuata waliokusanya tozo bila kuitumia ilivyotakiwa. Kampuni moja ya piza yenye matawi kadhaa ilikubali kulipa dola 320,000 kumaliza shauri lake. Wengine wakapewa nafasi ya kujisalimisha wenyewe kabla hawajafikiwa.

KWA NINI PESA ILIBAKI? SIO LAZIMA WOTE WALIKUWA WEZI

Hapa wafanyabiashara tusome vizuri, kwa sababu huu mtego unaweza kumnasa hata mtu mwema.

Gharama ya yule mwenye mgahawa inakwenda kwa saa za kazi. Makusanyo yake yanakwenda kwa mauzo. Hivi vitu viwili haviendi sambamba hata siku moja.

Rudi kwenye mfano wetu. Wiki ya kawaida: mauzo 30,000, tozo asilimia 4 inaleta 1,200, gharama 1,170. Zimekaribiana. Sasa njoo wiki ya sikukuu: mauzo 45,000, tozo inaleta 1,800. Saa za kazi zimeongezeka kidogo, tuseme 1,100, gharama ni 1,287. Zimebaki dola 513. Hiyo 513 ni ya nani?

Wewe kama hukuweka jibu mapema, itakaa kwenye droo moja na pesa nyingine, na pesa iliyoko kwenye droo haina jina. Mwisho wa mwezi utalipa nayo umeme. Hukuiba kwa kukusudia, lakini mteja alitoa kwa ajili ya matibabu na wewe umelipia taa. Ukiulizwa, huna cha kuonyesha.

NA SASA HIVI IKOJE?

Ubishi haujaisha. California ilipitisha sheria ya kupiga marufuku kutangaza bei ndogo halafu kuongeza ada za lazima mwishoni. Ilianza tarehe 1 Julai 2024. Migahawa ikashtuka, maana vimistari vyao vyote vingekufa. Siku chache kabla ya tarehe hiyo ikapitishwa sheria nyingine ya kuiokoa: mgahawa unaruhusiwa kuendelea na tozo, mradi iandikwe wazi pale bei zinapoonekana, na ielezwe ni ya kazi gani. Yaani mteja aijue kabla hajaagiza.

Kwa nini mamlaka zinahangaika na jambo hili? Kwa sababu kuficha kunalipa. Siwezi kuwadanganya. Mwaka 2015 StubHub, kampuni ya kuuza tiketi mtandaoni, ilifanya jaribio: wateja wengine walionyeshwa bei kamili tangu mwanzo, wengine ada zikafichwa mpaka hatua ya kulipa. Waliofichwa walitumia takriban asilimia 21 zaidi. Waliona bei ndogo, wakachagua viti vya gharama, wakafika mwisho wameshachoka kutafuta, wakalipa.

Na upande wa pili, kuweka kila kitu ndani ya bei kuna maumivu yake. Danny Meyer, mwenye migahawa maarufu wa New York, alianza 2015 kuondoa bakshishi na kuingiza gharama zote za huduma ndani ya bei ya chakula. Watu walimsifu sana. Mwaka 2020 aliuacha mpango huo. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba "weka bei moja tu, utapendwa na utauza", mwambie mambo sio mepesi hivyo.

SASA TUJE KWETU

Sisi sio mgahawa wa watu 25. Wengi wetu ni mtu mmoja na simu, ukiwa umesogea kidogo una kijana wa boda unayemwamini na binti wa kukusaidia kufunga mizigo. Lakini swali ni lilelile: gharama hii niiweke ndani ya bei, au niiweke pembeni mteja aione?

Mimi natumia kipimo hiki. Gharama ambayo ni ileile kwa kila mteja, iingie ndani ya bei. Gharama inayobadilika kwa sababu ya mteja mwenyewe, ikae pembeni, tena itajwe mapema.

Mfuko, stika, bando la intaneti, pango la stoo: kila oda inavihitaji. Mteja hawezi kusema "mimi niletee gauni mkononi bila mfuko". Kitu ambacho mteja hawezi kukikataa ni sehemu ya bei. Kukitoa nje na kukiita "ada ya kufungia" ni kupunguza bei ya tangazo kwa ujanja tu.

Usafiri ni tofauti. Wa Sinza na wa Mbagala hawawezi kulipa sawa, na mwingine atakuja kuchukua mwenyewe. Huo uwe pembeni. Lakini uandike kwenye bango lako: maeneo haya elfu 3, maeneo yale elfu 5, mkoani kwa basi kiasi fulani. Usisubiri mtu ameshachagua rangi na saizi, ameshamwambia mumewe, ndo umshushie.

"Ya kutolea" iko katikati, na kila mtu ana msimamo wake. Mimi nasema hivi: kama una lipa namba na mteja anaweza kuitumia, mwache achague. Kama huna, basi sema mapema, na uombe kiasi cha makato ya kweli. Kuna muuzaji mmoja wa jumla niliyewahi kununua kwake, aliniambia niongeze elfu 5 ya kutolea kwa pesa ambayo makato yake hayafiki nusu ya hiyo. Sikubishana naye, nikalipa, mzigo ukaja vizuri. Lakini sikurudi. Na yeye mpaka leo hajui kwa nini nimepotea. Mteja wa mtandaoni halalamiki, ananyamaza anahama.

MFANO WA HESABU

Tuseme unauza gauni la mtoto 25,000 na unapata oda 120 kwa mwezi.

Mifuko na stika: 60,000 kwa mwezi, gawa kwa 120, ni 500 kwa oda.
Bando: 30,000 gawa kwa 120, ni 250.
Binti anayekusaidia, umeamua kumtengea 20,000 ya matibabu kila mwezi: gawa kwa 120, ni kama 167. Weka 200.

Jumla 950. Sema 1,000. Bei yako ya kweli ni 26,000. Iandike 26,000 na uendelee na maisha. Ukiandika 25,000 halafu ukaleta "kufungia 500, huduma 500", mteja atalipa 26,000 ileile lakini na kinyongo juu.

Labda utasema: "jirani yangu anaandika 25,000, atanichukulia wateja." Ni kweli anaweza. Hilo ndo tatizo la yule wa San Francisco na jirani yake wa watu 18. Dawa yake ni kuandika kilichomo: "26,000, mfuko wa zawadi umo, hakuna nyongeza nyingine zaidi ya usafiri." Mteja aliyewahi kuchomwa na vimistari ataelewa lugha hiyo haraka sana.

HABARI YA YULE BINTI WA KUFUNGA MIZIGO

Hapa ndo nilitaka tufike. Ondoa mambo ya bei kidogo.

Wangapi kati yetu tuna msaidizi, na akiugua tunafanya nini? Tunamwambia "pole, pumzika", tunamtumia elfu 10 kama ipo. Ikiwa haipo, anakopa. Au anakuja hivyohivyo. Kile kilichoisukuma San Francisco kutunga sheria kiko kwenye vyumba vyetu vya kufungia mizigo, tena bila sheria ya saa wala diwani wa kutusumbua.

Huku kwetu pia mambo yanasogea. Tanzania, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya, tangu Oktoba 2024 mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya mfuko wa afya ya jamii. Gharama ya afya itaingia kwenye biashara ndogo, leo au kesho. Anayejipanga sasa hatashtuka.

Ukiamua kumtengea msaidizi wako, chukua mambo manne kutoka kwenye kisa hiki.

1. Weka pesa mahali pake. Laini nyingine ya simu, kibubu, akaunti, chochote, ila isilale na pesa ya mtaji. Pesa isiyo na jina huliwa na shida ya kwanza kubisha hodi.

2. Mwambie mwenyewe kwamba ipo, ni kiasi gani, na anaipataje. Zile dola milioni 50 zilibaki, na sababu mojawapo ni kwamba wenye haki hawakuwa na habari, au njia ya kudai iliwachosha.

3. Mwezi ukiwa mzuri, kilichozidi kibaki humohumo. Mwezi ukiwa mbaya, wewe ndo unajazia. Ukipata oda 80 badala ya 120, ile 200 inaleta 16,000, imepungua 4,000. Toa kwenye faida yako. Ahadi ya mfanyakazi haipandi na kushuka na oda.

4. Usimtaje kwa wateja kama humpi. Siku hizi unakuta bango: "Ukinunua kwetu unasaidia kina mama watano." Ni maneno mazuri kama ni ya kweli. Kama sio kweli, umetumia shida ya mtu kama chambo. Mteja akijua, hakuna punguzo la bei litakalomrudisha.

MASWALI MATANO KABLA HUJAONGEZA MSTARI

Ukitaka kuongeza ada yoyote kwenye oda, jiulize:

Mteja ataiona kabla hajaamua kununua, au baada?
Jina lake linasema ukweli? "Usafiri" ni usafiri kweli, au ndani yake kuna faida yako?
Pesa yote inakwenda pale ilipotajwa?
Mteja anaweza kuikwepa kwa kuchagua njia nyingine? Kama hawezi, kwa nini isiwe ndani ya bei?
Akiniuliza mtu mwezi ujao, nina cha kumwonyesha?

Ukijibu vizuri yote matano, tozo yako haina tatizo, hata iwe pembeni. Maana sisemi kwamba mstari pembeni ni dhambi. Wapo wenye migahawa kule San Francisco walioweka asilimia yao, wakaeleza kwenye menyu, wakalipia bima kweli, na wateja wao wanarudi. Waliofikishwa kwa mwanasheria wa jiji walitakiwa kueleza pesa waliyoikusanya kwa jina la wafanyakazi ilikwenda wapi.

Kwa hiyo kazi ya leo ni ndogo. Fungua ukurasa wako, angalia matangazo matatu ya mwisho, uandike kwenye karatasi mteja wa mwisho alilipa shilingi ngapi ukilinganisha na bei uliyotangaza. Tofauti yake uieleze mstari kwa mstari. Ukikuta mstari ambao huwezi kuueleza, uutoe leo.

Na wewe mwenye msaidizi, niambie: akiugua kesho, utaratibu wenu ukoje? Wengi tunajifunza kwa kusikia wenzetu wanafanyaje, kwa hiyo usione haya kuandika hata kama ni kidogo. Kibubu cha elfu 5 kwa mwezi kinahesabika.

Biashara njema.